Mahindi Yenye Ukungu na Amri ya Serikali
Mkulima wa Didia, mkaguzi akiyakamata mahindi yako yaliyoota ukungu, usidhani amekuonea. Ukungu mwingine huzaa sumu iitwayo sumukuvu, nayo haiondoki kwa kusaga wala kwa kupika. Mwaka 2004 katika Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa sumu hiyo, na 125 wakafa. Mwaka 2016 iliua watu katika Dodoma na Manyara. Ndiyo maana sheria huamuru chakula kibovu kikamatwe na kuteketezwa.

Basi, anika mahindi juu ya turubai, si juu ya udongo, hata punje ikikatwa kwa meno itoe mlio. Yaliyooza usiyauze, wala usimpe ng'ombe, maana sumu huingia katika maziwa.