Somo la Tawi: Daktari na Muuguzi

Ndugu wafanyakazi, chukueni mfano wa Kenya. Tarehe 5 Desemba 2016 madaktari wa serikali na wauguzi waligoma siku moja. Wauguzi wakaahidiwa posho, wakarudi kazini mwezi uleule. Madaktari wakabaki peke yao hadi siku ya 100, na viongozi wao wakatiwa jela Februari 2017. Ahadi ya wauguzi nayo haikutimizwa. Wakagoma tena Juni hadi Novemba, madaktari wakiwa kazini. Huyu humwona mwenzake mtumishi wake, yule humwona huyu mwenye majivuno, mwajiri anasikiliza tu. Na aliyekosa matibabu ni nani? Mchuma chai, si mwenye shamba.

Jadilini tawini: kwenu fundi akigoma, kibarua hufanya nini?