Kabla ya Kununua Heda, Pima Urefu wa Paipu

Mombasa, mwenye gari akitaka liwe na nguvu zaidi, mara nyingi huanzia kwenye ekzosi. Ananunua heda, zile paipu zinazopokea moshi kutoka silinda hedi na kuungana kuwa paipu moja. Anaangalia mng'ao, anaulizia bei, analipa. Urefu wa kila paipu haulizi, ilhali urefu ndio unaoamua nguvu itakuja wakati gani, gari litalia vipi, na kama heda itakaa chini ya gari bila kugonga. Kwa hivyo pima kwanza, ndipo ulipe.

Urefu unafanya kazi gani

Valvu ya kutolea moshi ikifunguka, wimbi la shinikizo hukimbia ndani ya paipu. Moshi ukiwa na joto la nyuzi 500 hivi, wimbi hilo huenda karibu mita 550 kwa sekunde. Likifika paipu zinapoungana, mahali palipopanuka ghafla, sehemu yake hurudi nyuma ikiwa wimbi la kufyonza. Likiikuta valvu ingali wazi, linavuta moshi uliosalia kwenye silinda na kusaidia hewa mpya kuingia. Hapo ndipo nguvu inapopatikana.

Paipu ndefu hulichelewesha wimbi hilo, kwa hivyo inapatana na injini inayozunguka polepole. Paipu fupi inapatana na injini inayozunguka kwa kasi. Mafundi wa mashindano wana kanuni ya kukadiria kwa injini isiyo na turbo: 240 (nyuzi za kranki tangu valvu ya kutolea moshi ifunguke hadi pistoni ifike juu, kwa makadirio ya injini nyingi za barabarani) zidisha kwa 850, gawanya kwa mizunguko ya injini kwa dakika, kisha toa 3. Jibu ni urefu kwa inchi. Kwa mizunguko 6,000 utapata inchi 31. Kwa 4,000 utapata inchi 48. Kama heda ni ya paipu nne kuingia mbili kisha moja, huo ni urefu wa hatua zote mbili kwa jumla.

Sasa fikiria unakoendesha. Kutoka Makupa hadi Digo Road jioni, injini haipandi sana. Heda fupi iliyotengenezwa kwa mizunguko 7,000 haitakusaidia kitu kwenye foleni hiyo, na huenda ikapunguza mvuto wa chini uliokuwa nao. Kwa gari la mjini, paipu ndefu za nne kuingia mbili kisha moja ndizo zinazofaa zaidi.

Urefu sawa au usio sawa: somo la Subaru

Kenya imeipenda Subaru tangu enzi zake kwenye mashindano ya Safari Rally. Dereva Mkenya Patrick Njiru alimaliza wa nne mwaka 1994 kwa Impreza, Colin McRae akashinda mwaka 1997, na Richard Burns mwaka 2000. Ule mngurumo wa kukatika-katika ambao wengi wanaujua kwa Subaru unatokana na urefu wa paipu.

Injini yake ina silinda mbili kila upande, na huwaka kwa mpangilio wa 1-3-2-4. Silinda 1 na 3 ziko upande mmoja, 2 na 4 upande wa pili. Heda ya zamani huunganisha silinda za upande mmoja, kisha paipu ya upande huo huvuka chini ya injini kwenda kukutana na ya upande wa pili. Njia moja inakuwa ndefu kuliko nyingine, na mapigo ya moshi hufika kwa vipindi visivyolingana. Tofauti ya sentimita 30 tu, kwa mizunguko 6,000, huchelewesha pigo kwa karibu nyuzi 20 za kranki.

Heda ya urefu sawa hupanga mapigo yafuatane kwa vipindi sawa. Katika mtindo wa nne-mbili-moja, silinda 1 huungana na 2, na 3 na 4. Kwenye Subaru za turbo, turbo hupokea msukumo ulio sawa na gari hujibu mapema, lakini ule mngurumo hupotea. Legacy za turbo zilizotoka Japani kuanzia mwaka 2003 zina mpango huu kutoka kiwandani. Ukinunua mojawapo, chungulia chini kabla ya kumlipa mtu akubadilishie kitu ambacho tayari unacho. Na anayevua heda hiyo ili apate mngurumo ajue amenunua sauti na kuuza nguvu.

Kwa injini za kawaida za silinda nne kwenye mstari, zinazowaka 1-3-4-2, jozi sahihi ni 1 na 4, kisha 2 na 3. Heda ikiunganisha vingine, irudishe dukani.

Jinsi ya kupima

1. Beba waya laini wa umeme na utepe wa kupimia. Futi ya mbao haifuati kona.
2. Anzia kwenye flanji inayokaa silinda hedi. Laza waya ubavuni mwa paipu, si mgongoni wala tumboni mwa kona, hadi paipu inapoungana na mwenzake.
3. Weka alama, nyoosha waya, pima. Fanya hivyo kwa kila paipu na uandike.
4. Linganisha. Tofauti ya inchi moja ni ya kawaida kwa gari la barabarani. Ikizidi inchi mbili, usikubali kuuziwa kwa jina la urefu sawa.
5. Pima kipenyo cha ndani pia. Paipu pana kupita kiasi hupunguza mwendo wa moshi na kuharibu faida ya urefu.

Kabla ya kufunga

Pima uwazi chini ya gari. Heda za Subaru hupita chini ya injini, na pale Likoni, mteremko unapokutana na mlango wa feri, gari lililo chini hukwaruza. Matuta nayo hayana huruma.

Chunguza chuma. Hewa ya chumvi hula chuma cha kawaida haraka. Beba sumaku: isiponata, au ikinata kwa mbali, yaelekea ni stenlesi nzuri. Utepe wa kuzuia joto uuepuke kwenye chuma cha kawaida, kwani hushika unyevu na kuficha kutu.

Hakikisha tundu la sensa ya oksijeni lipo na waya wake unafika. Weka gasketi mpya. Gari likishapata moto na kupoa mara kadhaa, kaza nati tena. Ukisikia mlio wa tik-tik asubuhi, moshi unavuja kwenye flanji.

Mwisho, usiondoe sailensa. Ndia Kuu na Kibokoni, huko Mji wa Kale, ni njia nyembamba, kuta zinatazamana, na sauti haina pa kutokea. Ndani ya nyumba hizo kuna wagonjwa, watoto wachanga na watu walio kwenye sala. Kanuni za kelele zinazosimamiwa na NEMA, mamlaka ya mazingira, zinahusu magari pia. Heda yenye urefu sahihi hutoa nguvu yake hata sailensa ikiwa mahali pake, kwa hivyo chagua kwa kipimo, na uwaachie majirani usingizi wao.