Ufa Katika Shamba la Chai: Jinsi Nguvu za Ardhi Zinavyochorwa Kwenye Ramani

Mvua ya masika ilipokuwa karibu kwisha, mzee mmoja kutoka upande wa Bomet aliingia katika afisi yetu ya kilimo akiwa na fimbo iliyojaa matope mpaka nusu. Ufa ulikuwa umetokea juu ya shamba lake la chai, na fimbo ile alikuwa ameitumbukiza ndani asifike chini. Hakuja kuuliza habari ya mbolea. Alitaka kujua kama auze shamba upesi kabla habari haijaenea, maana alikuwa amesikia kwamba Afrika inakatika vipande viwili na kwamba mpasuko umeanzia Narok.

Neno lile "kabla habari haijaenea" halikunipendeza, lakini mtu mwenye hofu husema mengi. Swali lenyewe ni la haki, nami nadhani si yeye peke yake aliye nalo.

Wengi wenu mmeona ngozi ya ng'ombe ikiwambwa juani kwa vigingi. Ngozi imekazwa, ingawa kwa macho imetulia tu. Sasa chukua kisu uikate kidogo. Ukikata kwa kufuata upande inakovutwa, mkato haupanuki. Ukikata kwa kukingama, mkato unafumbuka mara moja kama jicho. Basi ganda la dunia nalo limekazwa hivyo. Nguvu iliyofungwa ndani ya miamba huitwa mkazo. Hatuuoni; twaona kazi yake tu. Kuchora ramani ya mkazo maana yake ni kuuliza, mahali baada ya mahali: hapa mwamba unavutwa au unabanwa, na kuelekea upande gani?

Swali hili liliwasumbua wataalamu miaka mingi hapa kwetu. J. W. Gregory alipita katika Bonde la Ufa mwaka 1893, akafundisha kwamba nchi ilivutwa pande mbili na sehemu ya katikati ikadidimia. Mwamerika Bailey Willis, katika kitabu chake cha mwaka 1936, alishikilia kinyume: kwamba nchi ilibanwa. Wote wawili walitazama kuta zilezile za bonde. Kutazama peke yake hakukutosha.

Jibu lilikuja zaidi kwa njia ya matetemeko. Usiku wa tarehe 6 Januari 1928 tetemeko la kipimo cha 6.9 lilipiga Subukia, nalo ndilo kubwa kuliko yote yaliyopimwa ndani ya Kenya. Ardhi ilipasuka kwa urefu wa zaidi ya kilometa 30 chini ya ukuta wa Laikipia, na upande mmoja ukashuka. Kama nchi ingekuwa inabanwa, upande mmoja ungepanda juu ya mwenzake. Kushuka ni dalili ya kuvutwa.

Siku hizi hatungoji mpaka ardhi ipasuke mbele ya macho yetu. Mwamba ukikatika chini sana, mitambo ya kupimia mitetemo iliyowekwa pande zote huandika mshtuko wa kwanza. Mahali pengine mshtuko huo husukuma mtambo, na mahali pengine huuvuta. Ukiweka alama za kusukumwa na za kuvutwa kwenye ramani, wajua mwamba uliteleza kuelekea wapi, hata kama ulikuwa kilometa 20 chini ya miguu yako.

Njia ya pili ni mashimo marefu yanayochimbwa kutafuta mafuta au mvuke. Shimo huchimbwa la mviringo kamili, lakini mkazo hubomoa kuta zake pande mbili zinazoelekeana, likawa kama yai. Upande mrefu wa yai huonyesha nchi inakovutwa. Njia ya tatu ni volkano. Uji wa moto hupanda kwa urahisi katika nyufa zilizokingama mvuto, kama ule mkato wa ngozi, kwa hiyo vilima vidogo vya volkano vilivyojipanga mstari vina habari ya kutoa. Tena kuna vyombo vinavyopokea ishara za setilaiti, vikifungwa juu ya mwamba na kuachwa miaka. Hivi vimeonyesha kwamba pande mbili za Bonde la Ufa huku Kenya huachana milimeta chache tu kwa mwaka, karibu sawa na kiasi kucha ya kidole chako inachokua kwa mwezi mmoja.

Kazi ya kukusanya alama hizi kwa dunia nzima ilianza mwaka 1986, na ramani yake hutunzwa Potsdam, Ujerumani. Msidhani mambo yote yamekwisha kukubaliwa. Mwaka 1990 Manfred Strecker na wenzake, waliosoma miamba ya katikati ya Bonde letu, walisema kwamba mvuto wa zamani ulielekea mashariki, kisha ukageuka kuwa wa kaskazini-magharibi na kusini-mashariki. Vipimo vya setilaiti hutuonyesha mwendo wa karibu mashariki na magharibi. Mimi naona vema wabishane, mradi wanapima.

Na sisi tuko wapi? Mashariki yetu, nyuma ya Mau, liko Bonde la Ufa lenyewe. Kaskazini-magharibi, ukiteremka kutoka Kericho kwenda Ahero, waingia tawi lake dogo, uwanda wa Kano, unaoelekea Ziwa Victoria. Twakaa katika pembe iliyo kati ya nyufa mbili. Hata udongo mwekundu unaoipendeza chai umetokana na miamba ya volkano iliyomwagika zamani sana nchi ilipokuwa ikivutwa. Matetemeko makubwa hutokea mbali nasi, lakini mtikisiko husafiri: lile la Bukoba la tarehe 10 Septemba 2016, la kipimo cha 5.9, liliua watu zaidi ya 15 kule Tanzania na likasikika mpaka Kenya ya magharibi. Kwa hiyo mwenye kujenga nyumba ya mawe afunge mkanda wa zege na vyuma juu ya madirisha, uzunguke nyumba yote.

Turudi kwa mzee. Ufa wa Narok aliousikia ni ule wa Machi 2018, karibu na Suswa, uliokata barabara ya Mai Mahiu. Picha zake zilizunguka dunia nzima. Wanajiolojia wengi waliofika walieleza kwamba maji ya mvua yalikuwa yamechukua majivu ya volkano kutoka chini, juu kukabomoka. Nchi haikuachana hivyo kwa siku moja.

Tulikwenda shambani kwake pamoja na Bwana Shamba. Ufa ulikuwa umejipinda kama mwezi mchanga, ncha zake zikitazama bonde la mto. Mkazo wa ganda la dunia haujui mteremko wa shamba lako. Ufa unaofuata mteremko ni wa mteremko. Juu yake maji ya barabara yalikuwa yakimwagika kutoka kwenye kalvati moja kwa moja katika chai. "Basi si kitu," mzee akasema, akicheka. Bwana Shamba hakucheka. Alimwonyesha jiko la mkewe, lililo chini kabisa ya ufa. Ufa wa namna hii ndio unaotangulia maporomoko, nayo hayangoji miaka milioni.

Siku ileile jamaa walihamia kwa ndugu yake ng'ambo ya mto. Majirani walichimba mtaro wa kuyapeleka maji kando, kwenye nyasi, wakaujaza ufa udongo wa mfinyanzi na kuushindilia. Tulipiga vigingi viwili, kimoja juu ya ufa na kimoja chini, na mjukuu wa mzee hupima kwa kamba kila Jumamosi na kuandika katika daftari. Juma la kwanza vigingi viliachana kwa upana wa vidole viwili, la pili kwa kidole kimoja. Tangu mtaro ulipokwisha, kamba imebaki palepale kwa majuma matano. Jamaa hawajarudi bado. Bwana Shamba amesema wangoje mvua nyingine ipite.