Nani Atamsaidia Bibi Mafua Yakiingia?

Katika somo letu la leo tutajifunza juu ya mafua ya mlipuko. Mafua haya huletwa na virusi vya aina mpya ambavyo miili ya watu wengi haijavizoea. Ndiyo sababu huenea upesi kutoka nchi hata nchi. Mlipuko ulioanza mwaka 1918 uliua mamilioni ya watu duniani. Mwaka 2009 ulizuka mwingine, nao ukafika Afrika Mashariki mwaka huo huo.

Je, ni nani wamo hatarini zaidi? Ni wenye pumu, kisukari, selimundu, Ukimwi, na maradhi ya moyo au figo. Wamo pia wajawazito, wazee na watoto wadogo. Walemavu wengi nao wamo. Anayeogeshwa, kuinuliwa au kushikwa mkono njiani hawezi kukaa mbali na watu.

Tuchukue mfano. Bibi mmoja ana kisukari na miguu yake imepooza. Mjukuu wake ndiye humpikia, humchotea maji na kumfuatia dawa zahanati. Siku mjukuu akilala kwa homa, nani atampa bibi maji? Bibi anaweza kudhurika hata kabla mafua hayajamfikia.

Kwa hiyo, jiandaeni mapema:

1. Chagueni msaidizi wa pili. Awe ndugu au jirani. Afundishwe sasa namna ya kumwinua mgonjwa na kumpa dawa, asingoje siku ya shida.

2. Wekeni akiba ya dawa. Mwombeni mganga dawa za kutosha angalau wiki mbili. Insulini iwekwe mahali pa baridi, mbali na jua.

3. Andikeni karatasi. Iwe na jina la mgonjwa, maradhi yake, dawa, kiasi na saa za kumeza, na dawa zinazomdhuru. Kwa kiziwi, karatasi hiyo itamsemea zahanati.

4. Zingatieni usafi. Tundikeni kibuyu chirizi mahali anapofika hata mtu wa kiti cha magurudumu. Osheni kwa sabuni magongo, fimbo na mipini ya kiti, maana hushikwa na mikono mingi. Msaidizi anawe mikono kabla ya kumhudumia mgonjwa. Akiwa na kikohozi, mwingine ashike zamu. Kama hakuna mwingine, afunike pua na mdomo, na madirisha yawe wazi.

5. Ulizeni zahanati kama kuna chanjo ya mafua.

Je, mafua yakishaingia nyumbani? Mgonjwa apumzike na anywe maji mara kwa mara. Mwenye ugonjwa wa moyo au figo amwulize mganga kiasi cha maji. Mgonjwa asiache wala kubadili dawa zake za kila siku bila kumwuliza mganga. Mwenye kisukari apimwe sukari, kwa maana homa huweza kuipandisha hata kama hali chakula. Mwenye pumu akae mbali na moshi wa kuni. Mtoto asipewe aspirini.

Msinunue ovyo dawa za kuua bakteria, maana haziui virusi vya mafua. Pia homa si lazima iwe mafua. Mgonjwa apimwe malaria.

Mtu mwenye maradhi tuliyoyataja asingoje kuzidiwa. Dawa za mafua hufanya kazi vizuri zaidi zikianzwa ndani ya siku 2 za kwanza. Mwenye selimundu akipata homa apelekwe siku ile ile. Mgonjwa yeyote akipumua kwa shida, akibanwa na kifua, akichanganyikiwa, midomo ikigeuka rangi, au homa ikishuka kisha ikarudi kwa nguvu, apelekwe hospitali mara moja, hata kama ni usiku.

Ndugu msomaji, kinga ni bora kuliko tiba. Leo hii, mtafute msaidizi wa pili.

Maswali ya kujadili darasani

1. Katika kitongoji chenu, ni nani anayemtegemea msaidizi mmoja tu?

2. Kwa nini msaidizi wa pili afundishwe mapema?

3. Taja dalili tatu za kumpeleka mgonjwa hospitali mara moja.