Neno la Kilatvia "lasis": Asili, Matumizi na Suala la Chimbuko la Lugha

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza neno lasis, jina la samaki aina ya samoni katika Kilatvia, lugha ya Kibalti iliyo ndugu wa Kilithuania. Swali letu ni hili: je, jina la samaki laweza kutuonyesha mahali lilipozaliwa kundi zima la lugha?

2.0 Umbo na Matumizi

Lasis ni nomino ya jinsia ya kiume. Katika umilikishi, s ya shina hukaakaishwa kuwa š: laša, wingi wake ni laši. Umilikishi wingi, lašu, huunda istilahi kama lašu dzimta, yaani "familia ya samoni". Samaki mwenyewe hukulia baharini na kurudi mtoni kutaga mayai, kwa mfano katika mto Salaca.

3.0 Asili

Maneno mnasaba ni mengi: Kilithuania lašiša, Kirusi losos', Kijerumani Lachs, Kiswidi lax. Mlingano wa š ya Kilithuania na s ya Kilatvia ni wa kawaida. Linganisha šimtas na simts, "mia". Kwa hiyo š ya laša haina asili moja na ile ya lašiša. Kifini, ambacho si lugha ya Kihindi-Kiulaya, kilikopa lohi kutoka Kibalti. Kwa kuwa h hiyo ilitokana na š, ni dhahiri kwamba mkopo ulifanyika kutoka umbo lililokuwa bado na š.

4.0 Suala la Chimbuko

Kwa kuwa neno hili halikuonekana katika Kigiriki wala Kisanskriti, baadhi ya wataalamu walidai kuwa chimbuko la lugha za Kihindi-Kiulaya lilikuwa kwenye mito ya samoni iingiayo Bahari ya Baltiki. Hoja hiyo ilidhoofika baada ya Sieg na Siegling kuitambulisha lugha ya Kitokaria mwaka 1908. Katika Kitokaria B, kilichozungumzwa magharibi mwa China ya leo, laks ni "samaki" yeyote. Aidha, Kiosetia cha Kaukazi kina læsæg, samaki mwingine wa familia hiyo.

5.0 Hitimisho

Umbo la lasis linathibitisha udugu wa lugha. Maana yake haithibitishi makazi, kwani maana huhama pamoja na wasemaji. Tahadhari hiyo yawahusu pia wanaotafuta chimbuko la Wabantu kwa kutumia majina ya wanyama na mimea.