SOMO LA ROBO HII: MZEE ANAPOSAHAU, USHARIKA UKUMBUKE

Katika toleo hili tunajifunza pamoja kuhusu chanjo kwa wazee wenye ugonjwa wa kusahau, ambao wataalamu huuita demensia. Tunaanza na kosa letu wenyewe.

Tulichojifunza Mabawa

Tarehe 28 Julai 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua chanjo ya UVIKO-19 nchini. Watu wa miaka 50 na kuendelea walikuwa miongoni mwa waliopewa kipaumbele. Sisi tulitangaza ibadani, tukaandika majina na kukodi bajaji kwa waliokaa mbali. Katika kikao tuliripoti kwamba wazee wetu wamefikiwa.

Wiki chache baadaye wanadiakonia walipeleka sabuni na sukari majumbani hapa Mabawa. Katika nyumba tatu walikuta wazee ambao hawakuwa kwenye orodha yetu, wakikaa vyumba vya uani. Familia moja ilisema, "Huyu akili zimekwisha, chanjo ya nini tena?" Nyingine haikujua kama bibi alichanjwa au la, maana cheti hakikuonekana na yeye kila alipoulizwa alijibu tofauti. Orodha yetu ilikuwa ya waliofika kanisani. Waliobaki ndani hatukuwahesabu.

Kipupwe kilichofuata, bibi mmoja kati ya hao alishikwa na kichomi. Hakulalamika kifua wala hakuwa na homa kali. Alianza kulala mchana kutwa na kumwita mwanawe kwa jina la marehemu mumewe. Nyumbani walidhani kusahau kumezidi, wakasubiri siku nne. Alipofikishwa hospitali alikuwa hajiwezi, na tulimzika wiki hiyo hiyo. Hatusemi kwamba chanjo ingemwokoa. Tunasema kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amepewa kazi ya kumwangalia.

Ugonjwa wenyewe

Kusahau kwa namna hii si uzee wa kawaida, si uchawi, wala si mtu kuchezewa. Ni ugonjwa wa ubongo. Katika utafiti uliofanyika wilayani Hai, Kilimanjaro, mwaka 2009 na 2010, karibu watu 1,200 wa miaka 70 na zaidi walipimwa, na takriban 6 katika kila 100 walikuwa nao. Kwa hiyo ugonjwa huu si wa Ulaya peke yake.

Mgonjwa wa namna hii hupata shida mara mbili. Kwanza, anashambuliwa kwa urahisi: kadiri ugonjwa unavyoendelea kumeza huwa kugumu, chakula huingia njia ya hewa, na kichomi hufuata. Pili, hawezi kueleza anavyojisikia. Mzee aliyechanganyikiwa kwa ghafla, tofauti na alivyokuwa jana, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Inaweza kuwa kichomi, malaria au maambukizi ya njia ya mkojo, hata kama mwili si wa moto.

Chanjo zipi?

Wafadhili wetu walioko Ulaya wanaujua utaratibu wa kuchanja wazee dhidi ya homa ya mafua kabla ya majira ya baridi. Ujerumani huwaita wenye miaka 60 na zaidi, Uingereza 65. Chanjo hiyo hurudiwa kila mwaka kwa sababu virusi hubadilika, na mwili huhitaji wiki mbili hivi kujenga kinga. Chanjo ya sindano haina virusi hai, hivyo haiwezi kumpa mtu mafua. Mkono kuuma siku moja au mbili ni kawaida.

Kwetu pwani hatuna theluji, lakini virusi vya mafua tunavyo. Chanjo hii haimo katika ratiba ya kawaida ya taifa, ambayo imejengwa hasa kwa watoto na wanawake. Wanaokwenda Hija hushauriwa kuipata, pamoja na ile ya uti wa mgongo ambayo Saudi Arabia huilazimisha. Kwa mzee wa nyumbani, familia imuulize daktari ni chanjo gani zinamfaa na zinapatikana wapi.

Ipo njia nyingine isiyo na gharama. Tangu mwaka 2013 watoto wa Tanzania hupewa chanjo ya kuzuia kichomi. Marekani ilipoanza kuwapa watoto chanjo ya aina hiyo mwaka 2000, ugonjwa ulipungua hata kwa wazee ambao hawakuchanjwa. Bibi ndiye anayebeba wajukuu mgongoni. Mjukuu akikamilisha kadi yake ya kliniki, bibi naye amekingwa kwa kiasi.

Wajibu wa kamati

1. Orodha ianzie nyumbani, si ibadani. Mzee wa kanisa na balozi wapite nyumba kwa nyumba bila kubagua dini. Jirani Mwislamu naye ni mzee wetu.

2. Kila mzee anayesahau awe na mtu wake mmoja anayejulikana kwa jina, ndugu au jirani. Huyo ndiye atunze kadi na ajue siku ya kliniki.

3. Kumbukumbu iwekwe mahali pawili: kadi nyumbani na daftari la diakonia. Mwaka 2021 chanjo ya Janssen ilikuwa sindano moja, na Sinopharm iliyofuata ilikuwa mbili. Bila daftari, nani angekumbuka ya pili?

4. Mzee aulizwe mwenyewe. Anayesahau jina la siku bado anaweza kukubali au kukataa. Aelezwe kwa maneno machache, asubuhi akiwa ametulia, na mtu anayemfahamu akiwepo. Asishikwe kwa nguvu. Akikataa, turudi siku nyingine. Asipoweza kabisa kuelewa, familia na mganga waamue kwa manufaa yake.

5. Dirisha la wazee litumike. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa mwenye miaka 60 na kuendelea, na inataka asiye na uwezo atibiwe bure. Kamati imsaidie kupata kitambulisho mapema, kabla hajaugua.

Amri ya nne tuliyojifunza kipaimara haikuweka sharti kwamba baba na mama wawe bado wanatukumbuka majina.

Maswali ya kujadili katika kikao

- Katika mtaa wetu, ni nyumba zipi zenye mzee ambaye hatujamwona tangu Pasaka?
- Nani anatunza kadi ya kila mmoja wao?
- Mzee akichanganyikiwa usiku, bajaji ya nani itaitwa na nauli itatoka mfuko gani?

Kwa marafiki wafadhili: robo ijayo tunaomba msaada wa madaftari na nauli. Tutawaletea taarifa ya nyumba tulizofika na zile ambazo hatukufika.