Kusahau Wakati wa Kukoma Hedhi: Je, Ni Dalili ya Demensha?

Wanawake wengi hukoma hedhi kati ya umri wa miaka 45 na 55. Mbali na joto la ghafla na jasho la usiku, baadhi yao huanza kusahau: jina la jirani halikumbukiki, funguo hazionekani, au mtu hufika dukani asijue alifuata nini. Kwa mwanamke aliyemuuguza mama au nyanya mwenye demensha, yaani maradhi ya ubongo yanayoharibu kumbukumbu na uwezo wa kujitegemea, hali hiyo huleta hofu kubwa. Wengine huificha, wakakosa msaada.

Kwa nini kusahau hutokea

Homoni ya estrojeni, ambayo pia husaidia kazi ya ubongo, hupanda na kushuka kisha hupungua. Joto la usiku hukatiza usingizi, na asiyelala vizuri hukosa makini. Kwa wengi, tatizo hili hupungua kadiri mwili unavyozoea. Demensha kabla ya umri wa miaka 65 si jambo la kawaida.

Je, demensha hurithiwa?

Aina kuu ya demensha ni Alzaima. Ile inayorithiwa moja kwa moja kupitia jeni moja ni nadra: chini ya mgonjwa 1 kati ya 100. Mzazi aliyeugua uzeeni huongeza uwezekano kwa mtoto, lakini wengi wenye mzazi kama huyo hawaugui kamwe. Mwaka wa 2024, jopo la wataalamu la jarida la Lancet lilikadiria kwamba karibu asilimia 45 ya visa duniani vingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa kwa kukabili mambo 14, yakiwemo shinikizo la damu, kisukari, uvutaji sigara, kutosikia vizuri na kutofanya mazoezi.

Dalili za kumwona daktari

Kusahau mahali funguo zilipo ni kawaida. Yafuatayo si ya kawaida:

• Kupotea kwenye njia ya kila siku.
• Kurudia swali lile lile muda mfupi baada ya kujibiwa.
• Kushindwa kupika chakula alichozoea au kuhesabu chenji.
• Kubadilika tabia ghafla.

Mara nyingi jamaa ndio hutambua kwanza. Wasimcheke mgonjwa wala kumshuku uchawi, wamsindikize hospitalini.

Hatua za kuchukua

• Kupima shinikizo la damu na sukari katika zahanati au kituo cha afya.
• Kumweleza mhudumu dalili na dawa zote zinazotumiwa. Upungufu wa damu, ukosefu wa vitamini B12, matatizo ya tezi ya thairoidi na huzuni isiyoisha pia husababisha kusahau, na hutibika.
• Kuuliza kuhusu matibabu ya joto la usiku.
• Kutembea kwa kasi angalau dakika 150 kwa wiki.
• Kuandika miadi na kuweka vitu mahali pamoja.